Mabati, Nyasi na Mguu wa Kushoto

Mwaka jana, nikiwa mwaka wa tano wa sekondari hapa Baraka, niligundua kwamba mwili wangu hauniombi ruhusa. Ninaandika kwa sababu kuyasema haya siwezi. Tangu nikiwa mdogo, kitu ninachokiogopa kuliko mamba wa ziwani ni kusimama mbele ya watu na kufungua kinywa. Nikipangwa kusoma Neno kanisani siku ya Mungu, tumbo linaanza kuniuma Alhamisi. Nikitumwa dukani na kukuta watu watatu wanangoja, ninageuka, ninarudi nyumbani na kusema chumvi imeisha.

Mama ameshazoea. Ananitazama tu, kisha anauliza:

"Chumvi ndiyo imeisha, ao wewe ndiye umeisha?"

Halafu anaenda mwenyewe.

Mambo yote yalianza na somo la biolojia. Mwalimu wetu ni mwanaume mwembamba anayevaa koti hata wakati jua linapasua vichwa. Siku hiyo alichora ubongo ubaoni, ukatoka kama kabeji iliyokanyagwa na pikipiki. Akasema:

"Munafikiri munaamua kwanza, kisha mukono unatembea. Sivyo. Batu benye mashine za kupima umeme wa kichwa baliona kitu kingine. Kabla muntu hajatikisa kidole, kabla hata hajajisikia kwamba anataka kukitikisa, ubongo umeshaanza kujitayarisha. Wewe unapata habari nyuma."

Kijana mmoja wa benchi la mwisho akainua mkono.

"Mwalimu, basi kama minapiga mwenzangu, ni ubongo ndiyo ulianza. Azabu mupatie ubongo."

"Vizuri. Ubongo wako uende kupiga magoti inje. Na wewe umusindikize, usije ukapotea."

Tulipomaliza kucheka, akaonyesha kisogo chake kwa chaki. Akasema huku nyuma, juu ya shingo, kuna ubongo mdogo. Huo ndio unaosaidia kushika kazi tuliyoirudia mara nyingi, mpaka tunaifanya bila kuifikiri. Ndiyo maana mama zetu wanatwanga sombe, yale majani ya muhogo, huku wanagombana na jirani, na mtwango hauangukii vidole. Mara za kwanza unakosea. Mara ya mia, mkono unajua njia kuliko wewe.

Mimi niliandika kila neno. Wengine waliandika kwa ajili ya mtihani. Mimi niliandika kwa hofu, maana nilikuwa nimeelewa kitu kimoja tu: kichwani mwangu mna mtu anayefanya mambo kabla sijajua.

Siku mbili baadaye prefe, mkuu wa shule yetu, aliingia darasani kwetu. Alisema kwamba siku ya proklamasyo, ile siku ya kusoma pointi za mwisho wa mwaka mbele ya wazazi, neno la shukrani la wanafunzi litatoka kwetu sisi wa mwaka wa tano, kwa kuwa wa mwaka wa sita watakuwa kwenye mtihani wa serikali. Tena mwaka huu atasema msichana. Tujichague wenyewe. Akatoka.

Tulikuwa wasichana tisa. Ghafla wote tisa tukawa tunatafuta kalamu chini ya benchi.

Yule ninayekaa naye benchi moja ndiye aliyeongea kwanza. Sisemi jina lake, yeye mwenyewe atajijua. Ni rafiki yangu, lakini ana ugonjwa wake: akisimama mbele ya watu, anashikwa na kicheko. Alicheka kwenye matanga ya nyanya yake mpaka wajomba wakamtoa inje. Alisema:

"Miye siwezi. Nitacheka mbele ya wazazi bote, baba anifukuze ku nyumba."

"Na miye siwezi," nikasema, lakini kwa sauti ambayo ni mimi peke yangu niliyeisikia.

"Basi tucheze nzango," mwingine akasema. "Mwenye atashindwa, ndiye atasema."

Kwa asiyeijua nzango: wawili wanasimama wakitazamana, wanaruka na kupiga makofi, pa-pa-pa, na kwenye kofi la tatu kila mmoja anatoa mguu mbele. Mmoja anapata pointi kama miguu imekutana upande mmoja, mwingine anapata kama imepishana. Basi. Mtoto wa miaka mitano anaielewa. Lakini kushinda ni lazima ujue mwenzako atatoa mguu gani kabla hajautoa, na mimi, tangu shule ya msingi, kila mtu anajua mguu wangu. Sijui wanaujulia wapi. Hata watoto wa jirani wanaujua.

Tulipatana tucheze Jumamosi, baada ya salongo, tukishamaliza kufagia uwanja wa shule. Wasichana wote wangepanga mstari. Mwenye kushinda angetoka, mwenye kushindwa angebaki kumngoja wa nyuma. Tuliokota vijiti vya kupanga zamu, na mimi nikapata cha mwisho. Maana yake ningecheza mara moja tu. Nikishinda mchezo huo, nimepona. Nikishindwa, nitasimama mbele ya wazazi wa Baraka nzima na mikro ya kukuza sauti mkononi.

Nilienda kwa mama. Mama anakausha ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye vyandarua nyuma ya nyumba yetu, na watu wanasema kwamba alipokuwa msichana katika kijiji cha Swima hakuna aliyemshinda nzango. Sasa ni mama mnene, anaruka kidogo tu, ardhi ndiyo inayoruka zaidi. Nikamwomba anifundishe. Akafunga kikwembe vizuri, akasimama mbele yangu.

Pa-pa-pa. Pointi yake. Pa-pa-pa. Pointi yake. Tulipofika kumi kwa sifuri, nilikuwa nimelowa jasho, naye hakuwa hata amevua kandambili.

"Mama, unajuaje?"

"Wewe unatangaza."

"Ninatangaza na nini?"

"Sikuambii. Nikikuambia utaacha, na miye nitakushinda na nini?"

"Mama, ni neno la shukrani! Mbele ya watu bote!"

"Ndiyo vizuri. Ukishindwa utasema, ukisema utazoea."

Nilimwona adui. Usiku sikulala vizuri, asubuhi nikaamka na mpango ambao hata leo ninaona ulikuwa wa akili. Nilijiambia hivi: kama ubongo unaanza kujitayarisha wakati ninachagua mguu, na matayarisho hayo ndiyo yanayonitangaza usoni, basi nisichague. Nitafute kitu kingine kichague kwa niaba yangu. Kitu kilichoko tayari, chenye mpangilio usioeleweka, ambacho nakijua vizuri.

Mapaa ya avenyu yetu.

Kutoka ufukweni, pale mitumbwi inapolala, mpaka kwetu, kuna nyumba thelathini na moja upande wa mlima. Nyingine ni za mabati, nyingine za nyasi, bila mpango wowote. Mabati yatakuwa mguu wa kuume. Nyasi zitakuwa mguu wa kushoto. Siku ya mchezo nitatembea tu kichwani kutoka ziwani, nyumba kwa nyumba, na miguu itafuata. Mama mwenyewe hangeweza kunisoma, kwa sababu ndani yangu hakungekuwa na mtu wa kusomwa.

Jumatano baada ya shule nilichukua daftari na kalamu, nikaanza ufukweni. Nilisimama mbele ya nyumba ya kwanza, nikatazama paa, nikaandika. Nikaenda ya pili, nikatazama paa, nikaandika.

Mtu wa kwetu akisoma hapa ameshajua kilichofuata. Mimi sikujua. Hapa mtu akipita na daftari, akitazama mapaa na kuandika, maana yake ni moja tu: shirika fulani litaleta kitu.

Kwenye nyumba ya tatu, bibi mmoja alitoka na mwiko wa bugali mkononi.

"We mutoto, unaandika nini?"

Hapo ningejibu, "Ni mchezo wa nzango, bibi." Maneno machache. Lakini ili nieleze nzango ingebidi nieleze miguu, nikieleza miguu nieleze ubongo, na majirani walikuwa wameshaanza kutoka milangoni. Nikasema:

"Ninahesabu nyumba."

"Za nyasi?"

"Na za mabati."

"Eee! Muandike na miye basi! Andika wajukuu sita. Na ile jiko la nyuma, andika kama nyumba, kuna muntu analala mule."

Nikaandika. Sikuweza kukataa. Pembeni ya neno "nyasi" niliandika "wajukuu sita na jiko". Nilipofika nyumba ya tano, watu saba walikuwa nyuma yangu. Kwenye ya saba mama mmoja alinishika mkono akanirudisha kwa dada yake, akisema kwamba nimeruka mlango. Watoto walikuwa wanaimba. Mtu aliniletea kiti.

Nyumba ya tisa ni ya papa mmoja, baba mtu mzima mwenye pikipiki mbili na tumbo la kutosha, na paa lake la mabati mapya linang'aa mpaka wavuvi walioko ng'ambo, upande wa Ubwari, wanasema wanaliona. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Munaandika namna gani?" akauliza. "Munaandika bale ba nyasi tu, ao na siye ba mabati?"

Nilitazama viatu vyangu. "Mabati ni kuume," nikasema polepole. "Nyasi ni kushoto."

"Kuume na kushoto?" Akawaza, kama mtu anayekumbuka mahubiri. "Sasa ku hii liste, kuume ndiyo ba kuokoka, ao ndiyo ba kutupwa?"

Niliinamia daftari, nikaandika mabati.

"Minauliza, ba kushoto ndiyo batapewa?"

Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Sikutaka kudanganya. Kuitikia kwa kichwa kulikuwa kufupi kuliko kueleza.

"Aaa," akasema. "Asante, mama mudogo." Akaingia ndani haraka.

Nilimaliza nyumba zote thelathini na moja nikiwa na msafara kama wa harusi. Nilipofika kwetu nilijificha chumbani na kusoma orodha yangu. Mabati, nyasi, nyasi, mabati, nyasi, mabati, mabati, nyasi, mabati. Niliirudia mpaka ikawa inatembea yenyewe. Nikifunga macho, niliiona avenyu yote, hata mbuzi wa nyumba ya sita.

Jumamosi asubuhi nilitoka na ufagio wangu kwenda salongo. Nilipita avenyu kwa furaha, nikiyasalimia mapaa moja moja kama marafiki. Nilipofika kwenye ile nyumba ya tisa, nikasimama.

Paa lilikuwa la nyasi.

Si lote. Upande unaotazama barabara tu. Mabati ya mbele yalikuwa yametolewa, na nyasi zimetupwa juu kwa haraka, nyingine zikiwa bado mbichi, na mbuzi wa nyumba ya sita alikuwa anazitazama kwa tamaa. Papa mwenyewe alikuwa amekaa mbele ya mlango amevaa shati lililochanika. Aliponiona akainua mkono polepole, kama mgonjwa.

Niliondoka mbio. Njiani nilijiambia: usijali, wewe fuata daftari, siku ya Jumatano yalikuwa mabati. Lakini kile nilichokuwa nimekiona kilikuwa kimeshaingia.

Tulifagia. Tukachoma takataka. Halafu tukasimama kwenye kivuli cha ukuta wa darasa, na mchezo ukaanza. Mmoja alishinda akatoka akiruka ruka, mwingine akashinda akatoka, na zamu yangu ilipofika, aliyekuwa amebaki katikati ni rafiki yangu wa benchi. Alikuwa ameshindwa mara tatu mfululizo kwa sababu ya kicheko.

"Ni wewe?" akaniambia, akafuta machozi ya kucheka. "Basi nimepona. Samahani, dada."

Wenzetu wote walicheka. Nilikubaliana nao. Lakini moyoni nilikuwa niko ufukweni, mbele ya nyumba ya kwanza.

Tulipatana pointi tano. Miguu ikikutana ni yangu, ikipishana ni yake. Pa-pa-pa. Mabati. Pa-pa-pa. Nyasi. Nilisikia mtu akisema, "Eh, leo huyu iko na nini?" Rafiki yangu alikunja uso. Alikuwa ananitazama usoni akitafuta kile kitu wanachokitafuta wote, na hakukuwa na kitu. Nilikuwa natembea tu. Nyasi. Mabati. Nilipita kwa bibi wa wajukuu sita, nikapita mbuzi. Yeye naye, kwa sababu ya kicheko, miguu yake ilikuwa inatoka ovyo, hata ubongo wake mwenyewe sidhani ulijua. Nyumba ya nane: nyasi. Nne kwa nne.

Iliyobaki ni nyumba ya tisa.

Pa. Nikaiona nyumba, inang'aa, mabati. Pa. Nikaiona tena, nyasi mbichi, na papa akinipungia mkono. Mabati. Nyasi. Kuume. Kushoto. Mwalimu alisema ubongo unajitayarisha kabla. Wangu ulijitayarisha pande zote mbili.

Pa. Nilitoa miguu yote miwili.

Mtu akitoa miguu yote miwili mbele kwa wakati mmoja, anakalia ardhi. Nilikalia ardhi, juu ya majivu ya takataka tulizochoma. Rafiki yangu akaanza kucheka, na safari hii hakuna aliyemlaumu. Alikaa chini kando yangu, akanishika bega, akajaribu kusema pole, ikashindikana.

"Dada... dada... ulikuwa unaenda wapi?"

Nilirudi nyumbani nimeshindwa, neno la shukrani ni langu, na majivu nyuma ya sketi. Mama aliuliza, nikamweleza yote, toka kabeji ya mwalimu mpaka nyumba ya tisa. Nilipofika kwenye neno "mabati ni kuume", mama alianza kutikisika. Nilipofika kwenye shati lililochanika, alikalia chandarua cha ndagala. Alicheka mpaka akajipiga mapaja kwa mikono. Halafu akaacha ghafla.

"Sasa ile batu bote bako wanangoja?"

"Ndiyo, mama."

"Bibi yule anangoja?"

"Ndiyo."

"Basi utaenda kuwaambia. Nyumba kwa nyumba. Wewe mwenyewe, na kinywa chako. Miye nitatembea nyuma, sitasema kitu."

Nililia. Haikusaidia. Saa tisa mchana tulikuwa ufukweni, mbele ya nyumba ya kwanza.

Kwenye nyumba ya kwanza sauti haikutoka kabisa. Nilisimama na kinywa wazi, mpaka mwenye nyumba akaniletea maji. Ya pili nilisema "samahani" na kuishia hapo. Ya tatu, bibi alikuwa amewapanga wajukuu sita mlangoni wakiwa wameoga, na niliposema, "Bibi, haiko shirika, ilikuwa mchezo wa nzango," alitazama kwanza paa lake.

"Nzango inatazamaka mapaa siku hizi?"

"Nisamehe, bibi."

"Rudia. Sikusikia vizuri."

Nikarudia kwa sauti zaidi. Akasema nirudie tena, jirani naye asikie.

Nyumba ya tano maneno yalitoka yote, lakini yalipishana. Nyumba ya saba yalitoka kwa mstari: "Shikamoo. Jumatano nilipita na daftari. Haikuwa shirika. Nilikuwa najifunza nzango. Nisamehe, na asante kwa kiti." Nilishangaa. Sikuwa nimeyatafuta. Yalikuwa yananingoja kwenye ulimi.

Kwenye ya tisa papa alikuwa juu ya paa, anaziba matundu. Usiku wa kuamkia siku hiyo ilipiga mvua ambayo kila mtu aliamini imeshaisha kwa mwaka huo. Kumbe mabati aliyaficha chini ya kitanda, na mvua ikamnyeshea juu ya kitanda. Nilimaliza kusema, yeye akiwa ameshika nyundo.

"Nzango," akasema.

"Ndiyo, papa."

"Bibi yangu aliniambia. Aliniambia, we mwanaume, wacha paa letu." Akatazama ndani ya nyumba kupitia tundu. "Mama mudogo, ukisema tena, sema polepole, asisikie."

"Nimeshasikia!" sauti ya mke wake ikatoka ndani.

Mama, nyuma yangu, alikuwa ameuma ncha ya kikwembe.

Kuanzia nyumba ya kumi sikumbuki vizuri. Ninakumbuka miguu, mlango, hodi, na kinywa kikifanya kazi yake. Kwenye ya ishirini na kitu nilijikuta nasema maneno yote huku nawaza kama tutakula samaki ao maharage. Nikashtuka katikati ya sentensi. Nilikuwa naongea na watu na sikuwa nimeogopa, kwa sababu nilikuwa nawaza maharage.

Wiki mbili zilizofuata mama alinifanyisha mazoezi. Neno la shukrani lilikuwa sentensi nane, prefe alilisahihisha kwa biki nyekundu. Kila asubuhi na kila jioni, tukigeuza ndagala, mama anapiga makofi matatu, mimi natoa mguu mbele, nasema sentensi zote nane mpaka mwisho. Nikikosea, tunaanza upya, pa-pa-pa, mguu. Niligeuza samaki wengi sana nikimshukuru prefe. Mwishowe hata nikiwa naoga, jirani akipiga nguo makofi matatu kwenye jiwe, nilianza: "Bwana Prefe, walimu wetu, wazazi wapendwa..."

Siku ya proklamasyo uwanja ulijaa. Nilikaa mstari wa mbele na rafiki yangu wa benchi, ambaye alikuwa ameshaanza kujibana mdomo kwa mkono. Programu ilisema: kwanza prefe, pili mwakilishi wa wazazi, tatu neno la wanafunzi. Nilikuwa nimeamua kwamba nitakapoitwa, nitasema ninaumwa. Niliamua kweli. Ninaapa nilikuwa nimeamua.

Prefe alimaliza hotuba yake. Mwenye mikro akasema:

"Tumupigie prefe wetu makofi! Moja, mbili, tatu!"

Na uwanja mzima ukapiga: pa-pa-pa.

Nilichokiona baadaye ni mchanga wa mbele ya meza, na viatu vyangu juu yake, cha kushoto kikiwa kimetangulia. Nilikuwa nimesimama mbele ya mikro. Hakuna aliyeniita. Upande wa pili alikuwa anafika mwakilishi wa wazazi, karatasi mkononi. Alikuwa ni papa wa nyumba ya tisa.

Tulitazamana.

"Eh," akasema, na mikro ikaipeleka sauti yake mpaka ziwani, "mama mudogo wa mabati!"

Avenyu yetu yote ilikuwa imekaa pamoja, na wote walicheka kwa wakati mmoja. Nilimwona bibi wa wajukuu sita akipiga paja. Nyuma yangu rafiki yangu aliachia kicheko alichokuwa amekibana tangu asubuhi. Kabla sijatafuta mahali pa kukimbilia, papa akarudi nyuma hatua moja.

"Hapana, aseme yeye kwanza. Huyu akikuja, ni heri musikilize vizuri. Miye sikusikiliza vizuri, nikalala ndani ya maji."

Uwanja ukacheka tena. Na kinywa changu, bila kuniuliza, kikaanza: "Bwana Prefe, walimu wetu, wazazi wapendwa..."

Nilisema sentensi zote nane. Rafiki yangu ananiambia kwamba muda wote mikono yangu ilikuwa inageuza kitu hewani, kwa uangalifu, kimoja kimoja, na watu wa Swima walielewa mara moja kwamba ni ndagala. Mimi sikuona. Nilikuwa nawaza maharage. Nilipomaliza wakapiga makofi, na namshukuru Mungu kwamba walipiga ovyo ovyo, bila kuhesabu, la sivyo ningeanza upya.

Tukirudi nyumbani mama alitembea mbele yangu mpaka tukapita nyumba ya tisa, ambayo ilikuwa inang'aa tena.

"Mama, sikuwa nimetaka kusimama," nikamwambia. "Nilikuwa nimeamua kusema ninaumwa."

"Ninajua."

"Unajuaje?"

"Nilikuwa ninakutazama. Wakati prefe anamaliza, hata makofi hayajapigwa, ulimeza mate. Nikaambia mama mwenye alikuwa kando yangu: muone, yule anaenda." Akacheka. "Wewe ulikuwa haujajua bado."

"Ninamezaga mate?"

"Kila mara. Mbele ya kutoa mguu wa kushoto. Tangu uko mutoto."

Nilisimama katikati ya avenyu. Miaka yote ile, ni mate!

Jioni ile ile nilimwita nyuma ya nyumba tucheze. Nilijikausha koo kwa makusudi, sikumeza hata tone. Alinifunga kumi kwa moja. Anasema sasa kuna kitu kingine ninachofanya, na hataniambia.